Hilux 3L inapiga "tak" moja halafu kimya, ninunue stata nyingine au hii inatengenezeka?

asali_sikonge (Tabora mjini)

Wakuu habari zenu, na mwangaluka kwa ndugu zangu wa huku. Nina Hilux dabo kebini LN106 ya 1994, injini 3L dizeli, gia za mkono. Kazi yake ni kufuata asali na nta huko Sikonge ndani ndani na kuleta mjini, kwaiyo sio gari la kwendea harusini, ni gari la kazi na njia zake mnazijua, kiangazi vumbi masika tope.

Tatizo limeanza pole pole. Nikizungusha funguo inapiga "tak" moja nzito afu kimya, injini haizunguki hata kidogo. Narudia, narudia tena, ghafla inashika na inazunguka kwa nguvu zake zote, gari inawaka kama hakuna kilichotokea. Mwanzoni ilikuwa asubuhi tu, sasa hivi hata injini ikiwa ya moto inagoma. Juzi imenigomea mnadani nimeziba lori la watu, ikabidi vijana wasukume, na kusukuma dizeli yenye madumu ya asali kwenye mchanga we acha tu, dereva wa lori alinitukana hadi akachoka mwenyewe.

Betri sio ya zamani na honi inalia vizuri. Fundi wa kwanza akaingia chini akagonga stata (ile mota inayozungusha injini wakati wa kuwasha) na spana, gari ikawaka, akasema stata imekufa nitafute nyingine, mtumba wa kutoka Dar laki mbili na nusu hapo ufundi bado. Wa pili anasema ni betri. Wa tatu anasema swichi ya funguo. Yani kila mtu na ugonjwa wake.

Naomba kujua kwa anayeelewa, ninunue stata nzima au hii inatengenezeka? Na kuitoa mwenyewe inawezekana? Spana ninazo.

kaliua_junction

Mkuu usijitese nunua mtumba weka maisha yaendelee. Hizo za kufungua fungua ni kupoteza hela mara mbili. Kwa sasa paki kwenye mteremko tu.

asali_sikonge

Mteremko Tabora hii?? Labda nihamie Kigoma hahaha

rewaya_ngambo

Mkuu asali, kabla hujatoa hata shilingi moja nijibu hili kwanza. Usiku elekeza taa kubwa ukutani, piga stata, ikigoma na kulia tak hiyo taa zinafifia au zinabaki na mwanga wake? Hapo ndo mambo yanapogawanyika. Taa zikibaki vilevile maana yake solenoidi (swichi ya umeme iliyo kwenye stata) imevuta na kugonga, ila umeme mkubwa haujavuka kwenda kwenye mota. Taa zikifa karibu kabisa, aidha betri haina kitu, au mota imekaba, au kuna shoti. Na ikilia tak-tak-tak mfululizo kama bunduki, hapo anza na betri na vichwa vyake kabla ya kumlaumu mtu yeyote.

Hizi stata za Denso zilizofungwa kwenye Toyota nyingi za dizeli, ndani ya solenoidi kuna vipande viwili vya kopa vimekaa pande mbili, na katikati kuna nguzo yenye kisahani cha kopa. Ukizungusha funguo nguzo inavutwa, kisahani kinagusa vipande vyote viwili, umeme unavuka. Kila ukistati panapiga cheche kidogo pale na kopa inalika. Miaka inaenda, kipande kimoja kinaisha kuliko mwenzake, nguzo inagonga (ndo hiyo tak yako) ila kisahani hakifiki upande ule. Ukirudia rudia kinazunguka kidogo kinapata sehemu nzima, gari inawaka. Hizo kopa zinauzwa peke yake na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na laki mbili na nusu. Nguzo nayo inauzwa.

Kugonga na spana ikawaka haithibitishi kwamba stata imekufa. Inathibitisha kuna kitu hakigusani, inaweza kuwa kopa inaweza kuwa kaboni (vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka) zimeisha. Kuvitenganisha hivyo viwili ni rahisi, tafuta mita ya kupima volti, hata ile ya bei chee ya mafundi redio.

Gia weka nyutro, handibreki, mawe kwenye tairi, ingia chini. Kwenye stata utaona nati mbili kubwa, moja inapokea waya mnene wa betri, ya pili inatoka na waya mfupi kuingia kwenye mota. Weka ncha za mita kwenye hizo nati mbili, mwambie mtu apige stata. Ikigoma na kulia tak huku mita inabaki volti 12 na kitu, kopa hazigusi. Ikilia tak mita ikashuka sifuri lakini mota haizunguki, kopa ziko sawa, umeme umevuka, tafuta kaboni au amecha (sehemu ya mota inayozunguka).

Afu pima na waya. Betri iliyolala usiku mzima isome karibu 12.6, ikisoma 12.0 hiyo ni tupu hata kama honi inalia. Wakati inazunguka isishuke chini ya 9.6. Chanya ya betri mpaka nati ya stata wakati inazunguka isipoteze zaidi ya 0.5, na hasi ya betri mpaka bodi ya stata isizidi 0.3. Nimesema wakati INAZUNGUKA, maana ikiwa imegoma utasoma sifuri utafurahi bure, umeme usiopita haupotei popote.

kaliua_junction

Sasa mwenye mita kijijini ni nani mkuu. Mimi nimebadili mtumba na mpaka leo inapiga.

rewaya_ngambo

Sijasema mtumba ni mbaya. Nasema mtumba nao una kopa ambazo zimeshapigwa miaka huko ulikotoka, hujui umebakiwa na nini. Naletewa sana gari zenye stata iliyowekwa juzi, ugonjwa ule ule. Mtu ananunua mzigo wa kilo kadhaa kwa ajili ya kipande cha kopa kisichofika hata ukubwa wa kidole gumba.

Kama stata bendeksi (gia ndogo inayoshika injini kuizungusha) imekufa, amecha imeungua na bushi zimelegea, hapo kweli nunua nzima. Dalili zake ni tofauti, bendeksi ikifa utasikia mota inazunguka viiii peke yake injini imetulia.

asali_sikonge

Shukrani sana rewaya. Nimeazima mita kwa jirani anayetengeneza simu. Taa hazififii kabisa. Betri asubuhi kabla ya kugusa kitu 12.5, ikizunguka inashuka mpaka 10.4. Ikigoma nati kwa nati inabaki 12 na pointi. Upande wa chanya 0.2. Ila hasi ya betri mpaka bodi ya stata imesoma 0.9, nimerudia nikidhani nimeshika vibaya, ni hiyo hiyo.

rewaya_ngambo

Safi, una magonjwa mawili. Kopa zimekwisha, hilo limethibitika. Na waya wa ethi (ule wa hasi ya betri kwenda kwenye injini na chasisi) ni mbovu, huo ungeweka hata stata mpya ya dukani ungeendelea kusumbuka, hasa asubuhi za Juni na Julai. Hizi 3L zinakandamiza hewa zaidi ya 22 kwa 1, kuzigeuza zikiwa za baridi kunataka umeme wote ufike, ukipoteza karibu volti nzima kwenye ethi stata inazunguka kivivu.

Fuata ule waya wa hasi kutoka betri mpaka unapofungwa kwenye injini na chasisi. Kawaida kwenye kile kichwa cha kubanwa ndani kunakuwa na unga wa kijani au mweupe, nje waya unaonekana mzima. Kata, weka kichwa kipya kilichobanwa sawasawa, sio kufunga na waya wa baiskeli. Pale bolti inapokaa futa kutu na rangi mpaka chuma king'ae.

mzee_wa_landrova (Urambo)

Nyie vijana mmeeleza vizuri, mimi niongeze habari ya kuitoa maana nimeona ameuliza na mmepita.

Kitu cha kwanza toa kichwa cha HASI kwenye betri, kabla ya kingine chochote. Ule waya mnene wa stata hauna fyuzi, spana ikigusa nati ile na chasisi kwa pamoja utaona moto, na ukiwa na pete au saa ya chuma itabaki alama maisha yako yote. Gari liwe juu ya shimo la gereji au stendi za uhakika, usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake hata dakika moja.

Halafu vua mpira unaofunika nati ya waya mnene, nati yenyewe ni 12 au 13. Chomoa kile kiwaya chembamba cha kupigia, kina kidude cha kubonyeza, usikivute kwa hasira plastiki ya miaka 30 inavunjika. Zinabaki bolti mbili zilizoshika stata kwenye nyumba ya klachi, Toyota nyingi ni 14 au 17. Ya chini haina shida. Ya juu ndiyo inayotoa watu jasho, huioni unaipapasa tu, tafuta soketi na ekstensheni ndefu, ipulizie mafuta ya kulegeza usiku wa kuamkia kazi. Kabla ya kumalizia bolti ya mwisho weka mkono mmoja chini ya stata maana ni nzito na itakuja usoni.

Ikishatoka usikimbilie kuifungua. Chukua tochi ingiza jicho kwenye lile tundu uangalie meno ya flaiwili (gurudumu la meno nyuma ya injini ambalo stata inalizungusha), mtu mwingine azungushe injini taratibu kwa spana kwenye puli ya krenki (shafti kuu ya injini). Injini ya silinda nne ikizimwa husimama karibu sehemu zile zile mbili, kwa hiyo meno yanalika sehemu mbili zinazotazamana na kwingine kote yako safi. Ukitazama bila kuzungusha utasema meno mazima kumbe umeona pazuri tu.

Kubadili kopa hakuhitaji kutenganisha stata yote. Solenoidi ina mfuniko nyuma wenye vibolti vitatu vidogo, fungua hivyo, mfuniko unatoka, nguzo inatoka na springi yake. Usifungue upande wa gia kama huna sababu, kule kuna gololi ndogo ya chuma inayokaa kwenye shafti ya bendeksi, ikidondoka kwenye mchanga wa Tabora umeshapata kazi ya siku nzima.

Kopa zimeshikwa na zile nati kubwa za nje. Panga washa (vile vipete vya chini ya nati) na plastiki zake kwa mfuatano zilivyotoka, ile plastiki ya kuzuia shoti ukiisahau betri itakuambia. Ukiweka mpya hakikisha zote mbili ziko kimo kimoja, rudisha nguzo ibonyeze kwa kidole utazame kisahani kinagusa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Wengi hukosea hapo, anabana upande mmoja kopa inainama kidogo, baada ya wiki anasema kopa za siku hizi ni feki. Feki zipo kweli, chuma kilichopakwa rangi ya kopa, nenda na sumaku dukani.

Mwisho, pale stata inapokaa kwenye nyumba ya klachi pia ni ethi. Futa kutu na tope pande zote mbili.

asali_sikonge

Shikamoo mzee, hii imekaa vizuri sana. Kopa Tabora nitapata au mpaka Dar?

mzee_wa_landrova

Marahaba. Ulizia kwanza kwa mafundi wa rewaya (umeme wa magari) hapo mjini, kopa na kaboni huwa wanazo. Ukienda chukua ile ya zamani mkononi, usitaje aina ya gari tu, maana 3L kwa 3L stata zinatofautiana. Ukikosa agiza Mwanza au Dar, kwenye basi inafika. Na kama ikitokea unaagiza stata nzima piga picha kibati chake, namba ya stata za Toyota huanza na 28100, linganisha na volti na kilowati zilizoandikwa pale, hesabu meno ya gia na tazama upande wa zile bolti mbili.

binti_mwanga (Kigoma)

Samahani naingilia, mada imenigusa. Mzee wangu ana Land Cruiser HZJ75 ya zamani inabeba mawese kutoka Uvinza, ina betri mbili. Stata ilikufa akanunua nyingine kwa mtu, sura ile ile bolti zinaingia vizuri, siku ya kwanza ikastati kwa kasi ya ajabu mpaka tukashangilia, siku ya pili ikatoa moshi. Muuzaji anasema tumeiunguza wenyewe. Ni kweli?

rewaya_ngambo

Dada hiyo kasi ya ajabu ndo jibu lenyewe. Nenda kaangalie betri zilivyounganishwa. Kama chanya na chanya zimeungana, hasi na hasi zimeungana, gari ni volti 12. Kama chanya ya moja inaenda kwenye hasi ya mwenzake, hiyo ni 24, na nadhani mmewekewa stata ya 12. Itazunguka vizuri sana kwa muda mfupi afu inaungua. Angalia kibati cha iliyoungua na cha ile ya zamani kama hamjaitupa.

Tena kuna Land Cruiser nyingine za kutoka Japani gari zima ni 12 ila wakati wa kustati kuna rilei (swichi ya umeme) inaziunganisha betri zinakuwa 24 kwa ajili ya stata tu. Kwaiyo usiridhike na balbu za taa, pima kwenye nati ya stata mtu akiwa anapiga.

binti_mwanga

Nimetoka kuangalia sasa hivi. Chanya ya huku inaenda hasi ya kule. Ya zamani ipo stoo imeandikwa 24V, iliyoungua kibati kimekwanguliwa.

kaliua_junction

Kimekwanguliwa hahahaha. Huyo muuzaji anajua alichofanya.

mzee_wa_landrova

Mwanangu msikilizeni fundi mfungue ile ya stoo, huenda nayo ni kopa na kaboni tu. Ya 24 kuipata nzuri ni shida kuliko ya 12, usiiuze kwa watu wa vyuma chakavu.

asali_sikonge

Wakuu narudi na majibu. Nimeitoa jumamosi kwenye shimo la gereji ya rafiki, bolti ya juu imenitoa roho kweli mzee hukudanganya. Nimefungua mfuniko, kopa ya upande wa betri imelika imebaki kama ukucha, ya upande wa mota bado nene, na kisahani cha nguzo kina shimo la kuungua upande mmoja. Kopa nimepata hapa hapa mjini pamoja na nguzo, kwa jumla sikufika elfu 30. Sumaku haikushika. Meno ya flaiwili tumezungusha tukaangalia, yamelika kidogo sehemu mbili kama ulivyosema lakini gia bado inaingia bila kukwaruza.

Waya wa ethi nilipoukata kichwa ndani ulikuwa unga mtupu, nyuzi zilizobaki nzima ni za kuhesabu. Nimeweka mpya, nimekwangua pale kwenye injini, sasa inasoma 0.1. Inashika kila nikigusa funguo, asubuhi inazunguka tofauti kabisa na nilivyozoea, nilidhani uvivu ule ndo tabia ya dizeli.

Kitu kimoja tu, stata nje ilikuwa imelowa mafuta meusi na ndani ya mfuniko kulikuwa na unyevu wa mafuta. Nifanyeje?

rewaya_ngambo

Hongera mkuu. Hayo mafuta yanatoka juu, anza na gasketi ya mfuniko wa tapeti, yanatiririka na ukuta wa injini mpaka kwenye stata. Yakifika kwenye kaboni yanachanganyika na unga wake yanakuwa gundi, kaboni zinakwama kwenye nyumba zake hazisukumwi na springi, na hapo ndo utaanza kugonga na spana kweli. Badili gasketi mapema. Kama yanatoka kwa nyuma pale injini inapoungana na nyumba ya klachi hiyo ni sili ya nyuma ya krenki, kazi yake ni kubwa, ila safisha kwanza kwa dizeli na brashi, endesha, angalia yanaanzia wapi kabla hujaambiwa ushushe gia boksi.

Na isipowaka usishikilie funguo zaidi ya sekunde 10, pumzisha hata nusu dakika ndo upige tena. Ile bolti ya ethi ikaze tena ukirudi safari ya kwanza ya Sikonge.

asali_sikonge

Sawa fundi, gasketi nanunua wiki hii. Binti mwanga tupe habari ya ile ya stoo.

binti_mwanga

Iko kwa fundi Ujiji toka jana, kafungua kaboni zimeisha mpaka waya, kopa bado nzuri. Ameagiza kaboni za 24.